Taa Inapata Wapi Maneno?

Nyuma ya zizi la jirani yetu kuna kichuguu ambacho mchwa walikihama kabla sijazaliwa. Watu wa kitongoji chetu wanakiita Posta. Ukipanda juu yake, ukaelekea kaskazini na kuinua simu juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua, unapata vijiti viwili vya mtandao. Siku nyingine vitatu. Ukishuka hatua moja, vinayeyuka. Pale kileleni pamelainika kama sakafu kwa nyayo za watu waliokwenda kupokea hela za simu, kutangaza misiba, kugombana na wachumba walioko Mwanza na kusubiri matokeo ya mitihani.

Kwetu ni Bukundi, wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Nikimwambia mtu Simiyu, husema, "Ahaa, Bariadi," nami huitikia tu. Kueleza kwamba Bariadi ni makao makuu ya mkoa na kwamba sisi tuko mbali na hapo, upande wa kusini, jirani na Mto Sibiti unaotutenganisha na watu wa Singida, kunahitaji kikombe cha pili cha chai. Ni nchi ya pamba, mtama, dengu, ng'ombe na vumbi. Senta kuna umeme, na kuna mtandao siku ukiamka vizuri. Sisi tuko kitongojini, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka senta.

Usiku, ukiwa juu ya Posta, unaiona taa nyekundu ya mnara wa simu, mbali kabisa kwenye ukingo wa dunia. Inawaka, inazima, inawaka. Nimekua nikiitazama. Mwanga wake unatufikia vizuri sana. Maneno ndiyo hayafiki.

Nataka kusimulia siku moja ya mwezi wa saba, lakini siwezi kuisimulia bila kwanza kueleza habari ya taa.

Nilikuwa mwaka wa nne, nasomea uhandisi wa mawasiliano Dar es Salaam, na mradi wangu wa kuhitimu ulihusu kutuma data kwa taa nyeupe inayotokana na leza. Wanafunzi wenzangu walichagua mita za maji na mifumo ya kuzuia wizi wa pikipiki, vitu ambavyo mtu anaweza kuvieleza kwao akaeleweka. Mimi nilikuwa nimeona video ya Harald Haas, wakati ule profesa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliyoirekodi mwaka 2011. Anasimama jukwaani na taa ya mezani ya kawaida. Chini ya taa kuna kipokeo. Mwanga unaanguka juu yake, na video inaonekana kwenye skrini nyuma yake. Halafu anaingiza mkono kati ya taa na kipokeo, na video inasimama. Anautoa, inaendelea. Nilirudia kipande kile cha mkono mara nyingi mpaka bando likaisha.

Siri yenyewe ni rahisi kuisema. Taa ya LED inaweza kuwashwa na kuzimwa haraka kuliko jicho linavyoweza kugundua. Kuwaka iwe moja, kufifia iwe sifuri, na umepata lugha ya kompyuta. Chumba kinabaki na mwanga uleule, mtu anasoma gazeti lake, kumbe juu ya kichwa chake taa inapiga kelele mamilioni ya mara kwa sekunde. Shida ni kwamba LED nyeupe tunazonunua madukani zina uvivu. Ndani yake kuna chanzo cha mwanga wa bluu, na juu yake pamepakwa unga wa njano, fosfa, unaomeza sehemu ya bluu na kutema njano; bluu na njano vikichanganyika macho yetu yanaona nyeupe. Unga ule unachelewa kuzima. Unauamuru unyamaze, unaendelea kung'aa kidogo, kama mzee anayemalizia hadithi wakati watu wameshasimama. Na LED yenyewe, ukiisukumia umeme mwingi zaidi, ufanisi wake unashuka.

Ndipo inapoingia leza. Badala ya LED ya bluu, unaweka diodi ndogo ya leza ya bluu, unaielekeza kwenye kipande cha fosfa, na kipande kile kinautawanya mwanga uwe mweupe na usio mkali kwa macho kama leza tupu. Leza inaweza kuwashwa na kuzimwa mabilioni ya mara kwa sekunde, ambako LED ya kawaida inaishia kwenye mamilioni. Upande wa kupokea unaweka kichujio kinachopitisha bluu peke yake, ule uvivu wa njano unabaki nje. Miongoni mwa waliosukuma jambo hili ni Shuji Nakamura, mzaliwa wa Japani aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano kwa kutengeneza LED ya bluu. Mwaka uliotangulia tuzo alikuwa ameshaanzisha na wenzake kampuni ya taa za leza huko California. Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika chuo cha KAUST cha Saudi Arabia, watafiti walibadilisha unga wa njano kwa chembe ndogo zinazozima haraka, wakapitisha gigabiti 2 kwa sekunde kwenye mwanga mweupe. Walitangaza mwaka 2016. Makampuni yana namba kubwa kuliko hizo kwenye matangazo yao, lakini mimi nimejifunza kuziangalia namba za matangazo kama ninavyoangalia uzito kwenye mzani wa mnunuzi wa pamba.

Mimi sikuwa na gigabiti. Nilikuwa na diodi ya leza iliyotoka kwenye mashine ya kuchonga mbao, miwani ya kujikinga, na kipande cha fosfa nilichokibandua kwenye taa mbovu ya hosteli. Kasi niliyoipata haikufika hata megabiti moja. Picha ya megabaiti tatu ilivuka meza ya maabara kwa takribani dakika moja. Lakini ilivuka. Ilisafiri ndani ya mwanga mweupe ambao mtu angeweza kuutumia kusomea, ikajichora upande wa pili mstari baada ya mstari. Nilichagua picha ya mbuyu ulio mbele ya nyumba ya bibi.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulikiri kwa mtu. Kila mradi lazima uwe na ukurasa wa kwanza unaoeleza tatizo. Msimamizi wangu alisema tatizo langu halina uzito, halina watu ndani yake. Nikarudi chumbani, nikaandika: "Maeneo ya vijijini kama Bukundi, mkoani Simiyu, bado yanakabiliwa na changamoto ya upatikanaji wa intaneti yenye kasi." Nikaeleza kichuguu, nikaeleza watu wanavyoinua simu. Msimamizi alifurahi, akapigia mstari. Mimi nilijua, wakati naandika, kwamba taa yangu haina inachoweza kukifanyia kichuguu kile. Nilikitia kwenye ukurasa kama mtu anavyoweka picha ya mtoto analia kwenye bango la kuomba michango.

Sasa ile siku ya mwezi wa saba.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, na alitakiwa kuomba mkopo wa masomo ya chuo. Maombi ni ya mtandaoni. Tulipanga hivi: mimi niko Dar, mtandao upo, basi akaunti naifungua mimi, pasiwedi ninayo mimi, yeye atapiga picha nyaraka na kunitumia, nitazipakia. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja iliyokosewa, kurekebisha kukala wiki, na kilipotoka ikawa imebaki siku moja dirisha lifungwe. Jioni ile alipanda Posta. Senta mtandao ulikuwa umepotea wiki nzima. Picha zilikuwa nne, kila moja kama megabaiti tatu. Alisimama pale hadi saa sita usiku akitazama kile kiduara kinachozunguka. Haikupita hata moja.

Asubuhi, siku ya mwisho, hakulalamika. Alichukua bodaboda hadi Mwanhuzi, mjini kwetu, akatafuta steshenari yenye kompyuta. Akanitumia ujumbe mfupi kwamba yuko njiani. Steshenari mtandao ulikuwepo, tena mzuri. Skana ilikuwepo. Dada wa pale alimaliza kuskani, akafungua ukurasa wa maombi, akamgeukia na kumwuliza, "Pasiwedi?"

Mimi nilikuwa nimezima simu. Uwasilishaji wa mradi ulikuwa siku hiyohiyo, na jopo lilikuwa limeonya kwamba simu ikilia utarudia mwakani. Zamu yangu ilisogezwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Nilikaa kwenye korido siku nzima na lile boksi langu mapajani, nikikariri. Saa kumi na dakika ishirini picha ya mbuyu ilivuka meza, mjumbe mmoja wa jopo akapiga makofi peke yake, akaona aibu, akaacha. Mwingine akauliza, "Kijana, hii itawasaidiaje watu wa huko kwenu, Bukundi?" Nikajibu. Sikumbuki nilijibu nini, nakumbuka tu kwamba lilikuwa jibu refu na zuri.

Baada ya hapo tulikwenda kula chipsi kuku, tukacheka, tukapiga picha na simu za wengine. Nilikumbuka kuwasha simu yangu saa tano na nusu usiku. Zikaingia jumbe za "namba hii ilikupigia", moja baada ya nyingine, saba. Ya mwisho ilikuwa ya saa kumi na moja jioni, muda ambao gari la mwisho la kurudi kwetu huwa linajaza abiria. Nilimpigia. Hapatikani. Alikuwa ameshashuka kutoka kwenye dunia ya mtandao. Nilikaa na pasiwedi yangu, bila nyaraka. Nyaraka zilikuwa kwenye kompyuta ya steshenari iliyofungwa, Mwanhuzi.

Siwezi kuulaumu mnara peke yake, ingawa kwa miezi kadhaa nilijaribu.

Chuo kilimpa nafasi. Ada hatukuwa nayo. Mama alipendekeza tuuze ng'ombe wawili, mdogo wangu akakataa, akasema mwaka si mwingi. Alipata kibarua cha kupakia magunia ya dengu kwa wanunuzi. Aliponipigia safari iliyofuata, kutoka Posta, aliniuliza kwanza mradi ulikwendaje. Nikamwambia nimepata A. Akasema, "Hongera sana, kaka," na aliimaanisha, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nilirudi nyumbani mwezi wa kumi na mbili. Basi kutoka Dar hadi Shinyanga, gari dogo hadi Mwanhuzi, halafu bodaboda, vumbi likinijaza hadi kwenye kope. Nilibeba kwenye kadi ya simu filamu, vitabu, masomo ya video aliyoyaomba mdogo wangu. Kadi ya gigabaiti 64. Njiani nilipiga hesabu. Safari nzima, mlango hadi mlango, ilichukua kama saa 30, maana yake kadi ile mfukoni mwangu ilikuwa inasafiri kwa kasi ya zaidi ya megabiti nne kwa sekunde. Posta haijawahi kuota kasi hiyo. Basi bovu la abiria, lenye kuku chini ya viti, lilikuwa mtandao bora kuliko tulionao.

Bibi alinipokea kwa "mwangaluka", akaniita mume wake kama kawaida, akalalamika kwamba nimekonda na kwamba wake wenzake wa Dar hawapiki. Aliniletea matobolwa na chai. Bibi ni mfanyabiashara: ana sola juu ya bati, na watu wa kitongoji wanaleta simu zao kuchaji kwake kwa shilingi mia tatu. Hajasoma, lakini haibiwi hata mia.

Usiku wa pili aliniuliza nilichokuwa nasoma miaka yote minne. Nikasema ni taa zinazosema. Akacheka, akasema basi nimwonyeshe. Leza yangu ilibaki chuoni, lakini jambo la msingi linaweza kufanywa na takataka za nyumbani. Nilichukua tochi ya LED, nikaunganisha nyaya kutoka kwenye kikuza sauti kidogo cha redio mbovu, nikaweka simu yangu kama chanzo. Upande wa pili niliomba ile sola yake ndogo ya akiba, nikaifunga kwenye spika ya mdogo wangu mahali pa kuchomeka waya. Sola ni sikio. Inapokea mwanga unaotetemeka na kuugeuza umeme unaotetemeka, na spika inaurudisha kuwa sauti. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alifanya jambo la namna hii mwaka 1880 kwa kutumia mwanga wa jua na kioo kilichotetemeshwa na sauti ya mtu, akatuma maneno mita zaidi ya 200 bila waya. Inasemekana alijivunia hicho kuliko simu yenyewe.

Tulizima taa nyingine zote. Nilikuwa na ujumbe wa sauti ambao mdogo wangu alinitumia mwezi wa kumi, akimsalimia kila mtu na kueleza bei ya dengu. Nikaubonyeza, nikaielekeza tochi kwenye sola. Sauti ikatoka, nzito, kama mtu anaongea ndani ya pipa, lakini yake kabisa. Mama akashika kinywa. Watoto wa jirani wakaingia mlangoni bila hodi.

Mdogo wangu alisogea. Hakuna aliyemwambia kitu, wala hajawahi kuiona video ya Haas. Aliingiza kiganja kati ya tochi na sola. Kimya. Akakitoa, sauti yake ikaendelea. Akakiingiza tena, akakiacha hapo, akiangalia mwanga ulivyopita pembeni mwa vidole bila kufika.

"Kwa hiyo ni mkono tu," akasema.

Sikujua la kujibu. Nilijua anasema habari ya sola, na nilijua pia hasemi habari ya sola.

Bibi ndiye aliyevunja ukimya. "Mume wangu," akasema, "hiyo taa nimeisikia. Sasa niambie. Yenyewe inapata wapi maneno?"

Nikasema yanatoka kwenye simu yangu.

"Na simu yako iliyapata wapi?"

Dar, nikasema. Nilikuwa Dar, mtandao upo.

"Ukayaleta kwa basi."

"Ndiyo, bibi."

"Basi," akasema bibi, na akarudi kumenya karanga.

Kwenye jopo lile la watu watano wenye shahada za uzamivu hakuna aliyeuliza swali hilo. Taa ya leza inaweza kumwaga gigabiti juu ya meza yako, lakini hizo gigabiti lazima zifike kwanza kwenye dari. Inatatua mita tatu za mwisho. Kwetu shida ni zile kilomita kabla ya mita tatu. Hospitali kubwa ambayo haitaki mawimbi ya redio karibu na mashine zake, ndege, kiwanda, chumba cha mikutano chenye watu mia wanaogombea mtandao mmoja: huko taa ya leza ina kazi, na viwango vya kimataifa vya mawasiliano ya mwanga, vilivyotoka mwaka 2023, vitaisaidia kuingia kwenye vifaa vya kawaida. Siku moja itafika pia kwenye zahanati na darasa la kwetu. Lakini itakuwa mgeni wa mwisho kuingia, baada ya waliobeba mizigo kutangulia.

Kinachonichekesha, nikiwa na moyo wa kucheka, ni kwamba maneno yote hayo yalishakuwa mwanga kabla hayajafika kwetu. Mkongo wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy uliofuata, kilichoingia nchini kilikuwa leza: mwanga usioonekana, unaokimbia ndani ya uzi wa kioo chini ya Bahari ya Hindi. Mkongo wa Taifa umeusambaza mikoani, uleule mwanga, ardhini. Halafu uzi unaishia mahali. Kuchimba mtaro hadi kila senta ni gharama, kwa hiyo maneno yanashuka kutoka kwenye mwanga, yanapanda minara, yanarukia kutoka mnara hadi mnara kwa mawimbi ya redio, yanachoka njiani, na yanapofika Posta yamebaki vijiti viwili.

Niliporudi Dar nilianza kusoma habari ya ndugu wa taa yangu, yule ambaye nilimpita kwa sababu hakuwa mrembo: leza ya angani, inayopigwa kutoka mlingoti hadi mlingoti bila uzi. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana, katikati ni Mto Kongo. Ili uzi wa kioo uunganishe pande mbili ilibidi uzunguke zaidi ya kilomita 400, na bei ya intaneti upande wa Kinshasa ikawa mara tano ya upande wa pili. Mwaka 2021 wahandisi wa mradi wa Taara, uliozaliwa ndani ya kampuni mama ya Google, walivusha leza juu ya mto, kilomita 4.8. Katika siku 20 ilipitisha karibu terabaiti 700. Kabla ya hapo walikuwa wameshaanza na Kenya, pamoja na Liquid Telecom. Teknolojia yenyewe ilitokana na maputo ya Loon, yale yaliyoelea juu ya Kenya kutoa intaneti na kufungwa mwaka 2021. Maputo yalikuwa yanaongea yenyewe kwa yenyewe kwa leza. Maputo yalikufa, mwanga ukabaki.

Leza hiyo si nyeupe, haiangazi chochote, huwezi kusomea chini yake. Inafika hadi kama kilomita 20, na sharti lake kubwa ni moja: pande mbili zionane. Ukungu unaikata, ndege akipita anaikata kidogo. Vumbi letu la mwezi wa nane silo la kulidharau, na mtu anayekuja kuuza mashine hizo Meatu inabidi alale kwetu wiki moja ya kiangazi kwanza, aone jua linavyozama kwenye kitu kama unga wa muhogo. Hata hivyo nilipofika kwenye lile sharti la kuonana, niliweka kalamu chini. Nilikumbuka taa nyekundu ya mnara. Miaka yote tuliyokuwa tunaitazama kutoka kwenye kichuguu, tulikuwa tunaonana nayo.

Ule ukurasa wa kwanza wa mradi wangu uko maktaba, umejaladiwa. Hauwezi kubadilishwa.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alikwenda Mwanhuzi siku ya kwanza kabisa dirisha lilipofunguliwa. Akaunti alifungua mwenyewe. Pasiwedi aliiandika kwa kalamu ndani ya kiganja, akanionyesha baadaye kwa picha, mkono ulelule. Sasa yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu wa hisabati, na anapenda kuniuliza mbele ya marafiki zake kama simu yangu imewashwa.

Mimi nafanya kazi ya kufunga antena kwenye mapaa ya majengo ya Dar, mawimbi ya redio ya kawaida, mishahara ikichelewa kama kwa watu wengine. Jumapili napiga nyumbani. Bibi hawezi tena kupanda Posta, magoti yamegoma, kwa hiyo mtoto wa jirani, binti wa darasa la nne, anapanda na simu na bibi anakaa chini kwenye kigoda. Bibi anasema, mtoto anarudia juu. Mimi najibu, mtoto anatangaza chini.

Jumapili iliyopita baada ya salamu na habari za mvua nilisikia sauti ya bibi kwa mbali, halafu ya mtoto, karibu, ikikimbia maneno kabla mtandao haujakata:

"Shikamoo. Bibi anauliza, ile taa yako imeshapata maneno?"

"Marahaba. Mwambie bado, lakini naitafutia."

Mtoto akapiga kelele kwenda chini. Bibi akajibu kitu kirefu kwa Kisukuma. Kukawa na kicheko cha watu wengi, kumbe kuna foleni pale, halafu mtoto naye akaanza kucheka mpaka simu ikawa inatikisika.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Eee, kaka," akasema, "hilo hapana. Hilo utakuja umsikie mwenyewe."

Na mtandao ukakata.